Chakula cha wazee tunaowaleta mjini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie wazee wetu, hasa wale tunaowatoa kijijini na kuwaleta mjini ili tuwatunze kwa karibu. Nia yetu ni njema, lakini mlo tunaowaandalia hatuufikirii vya kutosha, wala uhusiano unaoweza kuwepo kati yake na dimensia, yaani maradhi ya ubongo yanayompunguzia mtu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Mzee aliyekula ndizi kwa maharage, mnafu na uji wa ulezi maisha yake yote hujikuta ghafla akinywa chai ya sukari nyingi kwa mkate mweupe asubuhi na kuletewa chipsi jioni, kwa sababu watoto wanaona kwamba kumpikia vyakula vya kwao ni kumnyima heshima.

Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro, ukiwashirikisha watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Katika wanaume 77 wenye afya njema waliochunguzwa, wale wa vijijini walioacha vyakula vya asili na kula vya kimagharibi kwa wiki mbili tu waliongezeka katika damu protini za mchochota, yaani mwitikio wa kinga ya mwili, na chembe zao za kinga zikapungukiwa na nguvu ya kukabili vijidudu. Wa mjini waliorudishwa kwenye vyakula vya asili walipata nafuu, na baadhi ya mabadiliko hayo yalionekana hata wiki nne baadaye.

Washiriki hao walikuwa vijana, na utafiti haukupima kumbukumbu zao. Hata hivyo, matokeo yake yanawahusu wazee kwa namna hii. Mchochota ni kazi halali ya kinga: mwili hupambana na jeraha au vijidudu, kisha hutulia. Umri ukisogea, mafuta yakijaa tumboni na mlo ukikosa nyuzinyuzi, hali hiyo haitulii kabisa. Protini kama interleukini-6 huzunguka katika damu miaka nenda miaka rudi, zikichangia kuharibu mishipa midogo inayolisha ubongo na kuziamsha seli za ulinzi zilizomo ndani ya ubongo wenyewe, ambazo zikikaa katika mapambano muda mrefu huanza kudhuru hata seli za neva ambazo zenyewe zilipaswa kuzilinda. Maharage, mboga za majani na unga wa dona vina nyuzinyuzi ambazo bakteria wa utumbo huzigeuza kuwa asidi zinazoimarisha ukuta wa utumbo na kuituliza kinga. Sembe nyeupe imepoteza sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hizo mashineni.

Sitaki msomaji adhani kwamba chakula pekee huzuia dimensia. Jaribio la MIND, mlo uliobuniwa kulinda ubongo, lililofanyika nchini Marekani kwa watu 604 na kutangazwa mwaka 2023, halikuonyesha tofauti ya maana katika uwezo wa kufikiri baada ya miaka mitatu. Kwa upande mwingine, jaribio la FINGER la Finland, lililowafuatilia watu 1,260 wenye umri wa miaka 60 hadi 77, lilionyesha mafanikio katika uwezo wa kufikiri pale lishe bora ilipoambatana na mazoezi, shughuli za kuushughulisha ubongo na udhibiti wa presha na afya ya moyo. Na wanaoshangilia kwamba mbege, pombe ya ndizi iliyojaribiwa pia katika utafiti wa Kilimanjaro, nayo ilipunguza mchochota wakumbuke kuwa unywaji wa pombe kupita kiasi umo katika vihatarishi vya dimensia vilivyotajwa mwaka 2024 na Tume ya Lancet, jopo la wataalamu wa jarida la tiba la Lancet.

Tatizo lenyewe si geni kwetu. Uchunguzi wa mwaka 2009 na 2010 wilayani Hai ulikadiria kuwa asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na dimensia, ilhali familia nyingi bado huiita uzee tu, na nyingine, kwa masikitiko makubwa, huiita uchawi.

Kwa hiyo naziomba hospitali zetu, kwenye dirisha la wazee, zimuulize mzee na anayemtunza kuhusu mlo wa kila siku kwa uzito uleule wa kupima presha na sukari, na swali hilo lianze kuulizwa mapema, mtu akiwa na miaka 40 au 50, kwa kuwa mabadiliko ya ubongo hutangulia dalili kwa miaka mingi. Watafiti wetu nao warudie jaribio la Kilimanjaro kwa wanaume na wanawake wenye miaka 60 na kuendelea, kwa muda mrefu zaidi, na safari hii wapime kumbukumbu pamoja na damu.

Msomaji wako,
Moshi