Hofu ya kufa haipimi imani ya mtu

Bwana Mhariri,

Msomaji wenu mmoja wa Bukavu aliandika hivi karibuni kwamba mwamini hufa ametulia na asiyeamini hufa akihangaika, eti ukitaka kujua mtu alikuwa wa nani, mtazame saa yake ya mwisho. Mimi ni muuguzi mstaafu wa hapa Goma, Mkatoliki, mama wa shirika, yaani jumuiya ndogo ya waamini, mtaani Katindo. Saa hizo za mwisho nimezikesha tangu ujana wangu. Naomba nafasi nimjibu kwa heshima, ila sitazunguka.

Kinachomfanya mtu afe vizuri au vibaya ni maumivu kwanza. Halafu pumzi. Halafu ni nani amekaa kando ya kitanda. Ini likishindwa kazi, sumu hupanda kichwani: mgonjwa anaanza kuvutavuta shuka, anaongea na watu wasiokuwepo, anawafukuza. Ndugu wanakuja mbio kuniita, “Mama, anaona mashetani!” Ule mlio wa kooni ambao watu huusimulia kilioni miezi mizima ni mate na makohozi ambayo mtu hana tena nguvu ya kuyameza. Mlaze ubavu, utapungua. Nimewalaza ubavu wachungaji, masista, walevi na askari, na mlio ni uleule. Katekista mmoja aliyefundisha nusu ya mtaa alikufa akilia kwa sauti, amemshika mkono muuguzi mwanafunzi asimwache. Saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa, na dawa tuliyokuwa nayo usiku ule ilikuwa parasetamoli. Mfanyabiashara mmoja wa Birere, ambaye kanisani tulimwona kwenye harusi tu, alimweleza mwanawe nani anamdai na yeye anadaiwa na nani, akaomba maji, akafumba macho. Ungenipa mofini ya kutosha, ile dawa kali ya maumivu, ndugu msomaji, ungewahesabu “waamini” wengi zaidi katika wodi yangu.

Mjukuu wangu anayesoma saikolojia alinionyesha kwenye simu utafiti wa mwaka 2017 ulioongozwa na Jonathan Jong. Walikusanya makala za kitaalamu kama 100 zilizotoka kati ya 1961 na 2014, zenye watu wapatao 26,000. Zaidi ya nusu hazikuona uhusiano wowote kati ya dini na hofu ya kifo. Asilimia 18 zilikuta wenye dini ndio wanaoogopa zaidi. Na katika chache zilizochunguza jambo hilo kwa karibu, waliokuwa na hofu ndogo ni wa pande mbili: wanaoamini kwa dhati na wasioamini kabisa. Wenye kutetemeka ni wa katikati. Nilicheka peke yangu, maana katikati ndipo wengi wetu tulipo, tunajaza viti Jumapili kwa sababu majirani wanahesabu nani hakuja.

Akanionyesha na mwingine, wa Marekani, wa mwaka 2009, uliofuata wagonjwa 345 wa saratani iliyokwisha kukomaa. Waliotegemea sana dini katika ugonjwa wao ndio waliowekewa zaidi mashine ya kupumulia karibu na kufa: asilimia 11.3, wakati wenzao ni asilimia 3.6. Huo haukunishangaza. Familia inayongoja muujiza haitaki mtu aachwe aende. Nimeona ndugu wakigombea chupa moja ya oksijeni juu ya mzee ambaye, kwa macho tu, alikuwa anawaomba wampumzishe.

Sasa niseme kilichonifanya nichukue kalamu. Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa nyumba yetu, hakumwamini Mungu. Alipita seminari ndogo, Kilatini chake kilimshinda hata padri wetu wa parokia, halafu akatoka na kufundisha filozofia darasa la mwisho la sekondari mpaka mvi zikamjaa. Kilio cha jirani hakikumpita. Alitoa mchango, alibeba sanduku, alishika mtaimbo na nyundo na vijana wakati wa kuvunja mwamba wa lava, na kaburi la Goma mnajua linavyochosha. Padri akianza sala, yeye alivua kofia na kunyamaza.

Tulibishana sana, yeye na mimi. Alipenda kunitajia Epikuro, mwanafilozofia Mgiriki wa kale, kwamba tukiwepo sisi kifo hakipo, na kifo kikiwepo sisi hatupo, basi hofu ya nini? Nilimwambia huyo mzee wake anaongea habari za kifo chake mwenyewe. Mimi sikiogopi changu, naogopa cha mwanangu. Hapo alikaa kimya, akakubali kwamba mwalimu wake hana jibu.

Wanafunzi wake wengi watakumbuka somo lake la David Hume, mwanafilozofia wa Uskoti. Julai 1776 Hume yu mgonjwa wa kufa, na mwandishi James Boswell anakwenda kumtembelea ili aone kama mtu asiyeamini atabadilika kifo kikiwa mlangoni. Akamkuta mchangamfu, anataniana. Boswell ndiye aliyeondoka na wasiwasi. Hume alikufa Agosti, na rafiki yake Adam Smith, mwanauchumi, akachapisha barua ya kusifu utulivu wake. Smith mwenyewe alisema baadaye kwamba barua ile ilimletea matusi mara kumi kuliko alivyopata kwa kuushambulia mfumo mzima wa biashara wa Uingereza. Msomaji wa Bukavu ana wenzake wa zamani, basi.

Lakini sitaki kumfanya yaya mtakatifu wa wasioamini. Hakufa kama Hume. Saratani ya tezi dume ilimtafuna polepole nyumbani kwake Ndosho, na usiku mmoja aliniambia, “Dada, naogopa.” Nikamuuliza anaogopa nini. Akasema anaogopa maumivu ya kesho yake, na anaogopa watu watakavyomfanyia mke wake juu ya kiwanja. Nilimpa dawa, tukazungumza habari za kiwanja mpaka kukapambazuka. Mdogo wetu, anayesali kanisa la uamsho, aliposikia alifurahi kabisa: umeona sasa, anaogopa hukumu!

Nilimfungulia mdogo wetu Injili ya Marko, sura ya 14. Yesu yuko Gethsemane, roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, anaomba kikombe kimwondokee, anawataka rafiki zake wakeshe naye nao wanasinzia. Kwa kipimo cha msomaji wa Bukavu, huyo naye hakuamini? Na Teresa wa Mtoto Yesu, ambaye picha yake imetundikwa katika nyumba nyingi za mashirika yetu, alikufa kwa kifua kikuu Septemba 1897 akiwa na miaka 24. Katika miezi yake ya mwisho aliandika kwamba giza linamdhihaki, linamwambia kifo hakitampa anachokitumaini ila usiku mzito zaidi, usiku wa utupu. Mawazo ya wasioamini yalimjaa kichwani, akaendelea kusali humohumo ndani. Mwaka 1925 Kanisa likamtangaza mtakatifu.

Halafu, waamini gani tunaowasema? Waadventista na Mashahidi wa Yehova husoma Mhubiri 9:5, kwamba wafu hawajui neno lolote, na marehemu wao hayuko juu wala chini mpaka ufufuo. Sisi Wakatoliki tunatoa misa kwa ajili ya roho iliyo toharani. Waislamu wanamwosha mtu wao, wanamkafini, wanamswalia wakiwa wamesimama, wanamzika siku hiyohiyo ikiwezekana. Jirani yangu Mwislamu ameniuliza kwa nini sisi tunamweka mtu kwenye barafu juma zima tukimngoja mjomba wa Kinshasa, na jibu la maana sina.

Tuje kwenye mazishi. Yaya aliacha karatasi. Aliomba sanduku la mbao za kawaida, wanafunzi wake wa zamani waseme neno, asiombewe kwa kipaza sauti. Wanaotaka kusali kimya, aliandika, hilo ni lao. Mdogo wetu aliisoma karatasi ile, akaikunja, akamwita mhubiri. Mhubiri akasimama kando ya sanduku, akanyosha kidole kaskazini ulipo Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, akasema kwamba anayekufa bila Yesu, moto wake mmekwisha kuuona. Watu waliokimbia lava Januari 2002, wakakimbia tena Mei 2021 na godoro kichwani kuelekea Sake, hawana haja ya kuelezwa moto huo. Wifi yangu alikuwa amekaa mkekani, hatua chache tu kutoka kwenye viatu vya mhubiri. Hakulia. Alianza kukunja kitambaa chake cha mkononi, akakikunja mpaka kikawa kidogo kama sanduku la kiberiti.

Asilolijua mhubiri ni kwamba alikuwa anahubiri dini ya mababu. Wazee wa kwetu Rutshuru walisimulia kwamba walioingizwa katika ibada ya Ryangombe wakifa hupumzika mlima Karisimbi, na wasioingizwa hutupwa Nyiragongo waungue. Mlima uleule, hukumu ileile, kabla mmisionari yeyote hajafika. Aliyenifundisha hayo ni yaya, na angecheka mpaka machozi.

Kama kuna siku niliona wazi tunavyotofautiana yaya na mimi, ni Julai 1994. Kipindupindu kiliwaangukia wakimbizi kutoka Rwanda, wakafa karibu watu 50,000 katika muda wa mwezi hivi. Nilikuwa natundika seramu, maji ya mshipani, katika kambi ya Mugunga, mifuko inaisha kabla ya foleni. Kuzika hakukuwezekana, jembe linadunda juu ya lava. Maiti walilazwa kando ya barabara wamefungwa mikekani, malori yanapita kuwakusanya, askari wa Ufaransa wanachimba mashimo kwa tingatinga. Jioni moja nikamkuta yaya barabarani na daftari la shule. Palipokuwa na ndugu aliyeweza kuongea, aliandika jina la maiti na kilima alichotoka. Mimi nilikuwa napita na rozari yangu. Nikamwambia arudi nyumbani asije akaambukizwa, Mungu anawajua wote. Akanijibu, “Mungu wako anawajua, lakini mama zao hawajui walipo.”

Kwangu mimi wale wafu walikuwa mahali, mikononi mwa mwenyewe. Kwake hawakuwa popote, na kwa sababu hiyo jina ndilo lililobaki, lisipoandikwa na lenyewe limekwenda. Rozari ile siidharau, ningeisali tena leo. Lakini mtu asiniambie kwamba asiyeamini huona maiti kama takataka, maana nilimwona aliyeinama akaandika.

Na wale wa upande wa yaya, hasa vijana wa chuo wanaokuja kilioni na kusema mtu akifa amekwisha, hakuna kitu, acheni kelele: nanyi mna lenu la kusikia. Ebola ilipofika Goma Julai 2019, na mgonjwa wa kwanza mjini alikuwa mchungaji aliyetoka Butembo, huko kaskazini timu za mazishi zilikuwa zimekwisha kupigwa mawe. Walikuwa na sayansi sahihi: maiti wa Ebola anaambukiza, asioshwe, asiguswe. Walikosa kujua mtu wanamzika nani. Mambo yalianza kulainika pale familia zilipoachwa zione uso, padri au imamu aombe akiwa mbali, nguo ya marehemu iwekwe sandukuni. Kirusi hakikupata nafasi hata kidogo kwa sababu ya sala ya mbali. Mjane akiongea na picha ya mumewe, mwache aongee.

Mimi namtolea yaya misa kila Novemba 2, siku ya marehemu wote. Najua asingependa, na pia najua angenipa pesa ya sadaka kama ningepungukiwa.

Kwa wahubiri naomba jambo dogo. Kabla ya kushika kipaza sauti, kaa na mjane au mume au watoto, uliza marehemu alikuwa mtu gani na ameacha neno gani. Ukiona huwezi kumzika bila kumhukumu, sema mapema, tutafute mwingine, au tuzike wenyewe. Tangu vita vilipoingia mjini Januari 2025 tumezika wengi mno kwa haraka, na wengi bila neno lolote la heshima. Anayepata dakika zake asinyang'anywe.

Karatasi yangu nimekwisha kuiandika, iko kwa binti yangu wa kwanza. Misa naitaka, na ya siku arobaini pia. Kwaya iimbe Kiswahili. Watoto wa yaya, ambao hawaingii kanisani, wakae benchi la mbele pamoja na wanangu, na mmoja wao apewe nafasi ya kusema. Mahubiri yasipite dakika kumi, maana mvua za mchana za Goma mnazijua.

Muuguzi mstaafu,
Katindo, Goma
(jina analo Mhariri)