Kabla hawajapiga nyundo

Lowell, Massachusetts

Ndugu yangu Shomari,

Salaam. Nimefurahi kusikia mama ameanza kutembea. Ila lile neno lako la daraja la zamani kubomolewa limeninyima usingizi, ndiyo maana nakuandikia.

Jumapili nilifika Lexington, si mbali na hapa, nikapita mbele ya nyumba ambayo zamani ilikuwa barabara. Sikuingia, ni kwa watu. Boston walipoishusha barabara ya I-93 chini ya ardhi, ile ya juu ikavunjwa. Mhandisi mmoja wa mradi huohuo akaona boriti na slabu nzima nzima zinakwenda kutupwa, roho ikamuuma. Akawaendea wasanifu John Hong na Jinhee Park, wakamjengea nyumba kwa vifaa hivyo: zaidi ya pauni 600,000, kama tani 270 hivi!

Kilichonikamata mimi ni paa. Slabu iliyozoea malori haihisi uzito wa udongo, basi juu wamepanda bustani. Sisi mteja akitaka bustani juu ya paa, tunaanza kumhesabia nondo za ziada mpaka anaghairi.

Vya kubomoa tumekulia navyo. Unamkumbuka yule kijana wa nyuma ya gereji, ananyoosha nondo juu ya kipande cha reli, kang, kang, mpaka magharibi? Lakini ili aipate nondo ile, zege lote lilishapondwa likawa kifusi, na chuma chenyewe kimekunjwa kikanyooshwa hadi kimechoka. Hawa walichukua kipande kizima, wakahesabu walichonacho, ndipo wakachora. Chuoni tulifundishwa kuchora kwanza, vifaa baadaye.

Sasa fanya hivi. Muone mkandarasi kabla kijiko hakijashuka, na ruhusa uipate kwa maandishi, maana daraja ni mali ya umma na maneno ya mdomo yatakuponza. Kila boriti iandike namba kwa chaki, pima urefu na unene, piga picha ncha zote mbili. Zege lililopasuka likatoa kutu liache hapohapo. Kwenu pwani chumvi haina huruma. Winchi ndiyo itakayokula hela, hilo nalijua, tutachanga.

Nina wazo la banda la samaki pale diko, lakini sichori mstari hata mmoja mpaka nione vipimo.

Msalimie mama. Mwambie kanga zake nimeshazinunua, tena huku, kwa bei ya kuchekesha.

Wako,
Idi