Barua ya Kufunga Muhula: Safari Yetu ya Hisani ya Baiskeli, Kondoa hadi Dodoma

Wapendwa wazazi na walezi,

YAH: KUFUNGWA KWA MUHULA WA PILI NA TAARIFA YA SAFARI YA BAISKELI

Shule inafungwa leo, na kila mwanafunzi amekabidhiwa ripoti yake ya maendeleo, ambayo nawaomba muisome pamoja naye, muisaini na kuirudisha siku ya kufungua. Mambo ya ada, sare na tarehe ya kurudi yameandikwa nyuma ya ripoti hiyo, kwa hiyo sitayarudia. Barua hii nimeitenga kwa jambo moja ambalo wengi wenu mmekuwa mkiniuliza tangu Oktoba, wengine kwa furaha na wengine kwa malalamiko, nalo ni safari ya baiskeli ya wanafunzi wetu wa Kidato cha Tatu na cha Tano.

Wazo hili lilianzia getini. Kwa zaidi ya mwaka mzima nilikuwa nikimwona mama mmoja akipita mbele ya shule yetu kila asubuhi, amembeba mgongoni mwanawe wa darasa la nne kumpeleka shule ya msingi ya jirani, kwa kuwa mtoto huyo hawezi kutembea. Mwalimu mkuu wa shule hiyo aliniambia kwamba anao watoto watatu wa namna hiyo, na kwamba mmoja wao haonekani kabisa mvua zikianza. Nilipowaeleza wanafunzi habari hiyo mstarini, hawakupendekeza harambee ya kawaida. Walipendekeza kuendesha baiskeli kutoka Kondoa hadi hapa Dodoma, safari ya takribani kilomita 160, kila mshiriki akitafuta watu wa kumwahidi kiasi fulani kwa kila kilomita atakayoimaliza, ili fedha hizo zitengeneze baiskeli tatu za magurudumu matatu, zile zinazozungushwa kwa mikono.

Nakiri kwamba mpango wangu wa kwanza ulikuwa na kosa. Nilidhani umbali huo ungemalizwa kwa siku moja. Mwalimu wa michezo alinikatalia waziwazi mbele ya kikao, akaomba wiki 12 za mazoezi na siku mbili za safari, na ninamshukuru kwa kutonyamaza. Mazoezi yalianza Julai: Jumanne na Alhamisi jioni kwa mwendo mfupi, na Jumamosi asubuhi kwa mwendo mrefu uliokuwa ukiongezwa kidogo kidogo, kwanza hadi Msalato, kisha mbele zaidi, hata Jumamosi ya kumi wakafika Mayamaya na kurudi siku hiyo hiyo. Wiki mbili za mwisho mwendo ulipunguzwa ili miili ipumzike. Wazazi waliolalamikia Jumamosi hizo wafahamu kwamba vipindi vya ziada havikufutwa, vilihamishiwa mchana.

Kati ya wanafunzi 24 walioandikishwa kwa idhini ya wazazi, 9 hawakujua kabisa kuendesha baiskeli, na 7 kati ya hao walikuwa wasichana. Fundi wetu aling'oa pedali za baiskeli nne za zamani, akashusha tandiko mpaka nyayo zote mbili zikagusa ardhi, na watoto wakajifunza kwanza kusukuma kwa miguu na kutulia juu ya magurudumu katika uwanja wa mpira, kabla ya kurudishiwa pedali wiki iliyofuata. Niliwatazama kutoka dirishani mwa ofisi yangu jioni nyingi, nami nawaambia kwa dhati kwamba sijaona somo lililowafurahisha zaidi mwaka huu. Wanne kati yao walifikia kiwango cha safari nzima, na watano waliungana na msafara pale Mayamaya kwa sehemu ya mwisho.

Msafara uliondoka Kondoa saa 12 asubuhi, siku ya Jumamosi mwishoni mwa Septemba, ukiwa na walimu watano, wazazi wawili, askari wa usalama barabarani mbele na gari letu nyuma likiwasha taa. Kwa kuwa Kondoa iko juu kuliko Dodoma, wanafunzi wengi waliamini kwamba wangeteremka tu hadi nyumbani. Ilipofika saa 4 walikutana na upepo wa kusini-mashariki, ule tunaoufahamu sote tukaao mji huu wakati wa kiangazi, ukiwapiga usoni na ubavuni. Hapo mazoezi yakaonyesha faida yake. Walikwenda kwa mstari mmoja pembezoni mwa lami, wakipokezana nafasi ya mbele kila baada ya dakika kumi, kwa sababu anayetangulia ndiye anayebeba upepo na walio nyuma yake hupumua. Wale wenye mwendo wa pole hawakuachwa mkiani. Waliwekwa nafasi ya tatu na ya nne, nyuma ya walimu, na mwendo wao ndio uliokuwa mwendo wa wote.

Maji yalichanganywa katika madumu kwa kipimo cha vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa kila lita moja, vijiko vikiwa vimesawazishwa. Walilalamikia ladha, lakini wote walikunywa, na hakuna aliyeanguka kwa jua.

Baada ya kupita Chemba, basi moja lilitupita kwa karibu mno, na mwanafunzi mmoja alitupwa kwenye kokoto za kando ya barabara. Mzazi wake nilimpigia simu saa ile ile. Alichunika goti, akasafishwa na kufungwa bandeji, ila rimu ya nyuma ilikuwa imepinda. Fundi aliigeuza baiskeli juu chini, akalizungusha gurudumu huku ameshika chaki karibu na rimu, na kila chaki ilipogusa na kuacha alama nyeupe alikaza spoku za upande wa pili na kulegeza za upande huo, mpaka chaki isiguse tena. Kazi hiyo ilichukua dakika 40. Msafara mzima ulimsubiri mwenzao chini ya mbuyu, ingawa askari alikuwa ametoa ruhusa waendelee, na mwanafunzi huyo alipanda tena baiskeli yake kwa hiari yake. Usiku huo walilala madarasani huko Haneti, karibu katikati ya safari, na Jumapili saa 9 alasiri waliingia getini hapa, mkiwapokea ninyi wenyewe.

Baiskeli mbili za magurudumu matatu zimekwisha kukabidhiwa mwezi uliopita. Fundi aliwapima watoto mmoja mmoja wakiwa wamekaa kwenye benchi, kutoka bega hadi kiganja, ili mikono ifike kwenye vishikio bila mgongo kutoka kwenye kiti. Yule mtoto wa darasa la nne sasa hupita hapa akijiendesha mwenyewe, na mama yake anatembea kando amemshikia mkoba.

Baiskeli ya tatu ina fremu tu. Magurudumu na mnyororo havijanunuliwa kwa sababu sehemu ya ahadi haijalipwa, na mtoto anayeisubiri ni yule asiyefika shule wakati wa mvua, nazo mvua zimekwisha kuanza. Nawaomba sana walioahidi wakamilishe kabla ya tarehe 31 Desemba, walipe kwa mhasibu na wadai stakabadhi, wala wasimkabidhi mwanafunzi fedha mkononi. Hesabu kamili ya mapato na matumizi imebandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Lipo ombi langu la mwisho, nalo ni kwa wazazi wa wasichana. Wasichana wawili waliondolewa mazoezini wiki ya tano, na niliwaruhusu bila mabishano kwa kuheshimu uamuzi wa familia zao. Wapo wazazi wengine walionieleza kwa adabu kwamba baiskeli haimfai binti. Nimewasikiliza, na kwa heshima ile ile naomba nisikilizwe: washiriki wetu wote wa kike walivaa suruali ndefu za michezo, waliozoea kuvaa hijabu walibaki nayo safari nzima, na mmoja wao hutembea kilomita saba kila asubuhi kuja hapa na saba kurudi, akifika darasani akiwa amechoka kabla ya kipindi cha kwanza. Amejifunza jambo ambalo lingempunguzia nusu ya muda huo. Nisingependa awe amelisahau ifikapo Januari kwa kukosa ruhusa ya kuendesha wakati wa likizo.

Shule itaazimisha baiskeli 15 wakati wa likizo kwa mzazi atakayefika mwenyewe kusaini. Fundi atakuwepo stoo kila Jumamosi, saa 3 hadi saa 6 asubuhi, kurekebisha urefu wa tandiko na kukagua breki kabla baiskeli haijatoka.

Nawatakia likizo njema.

Wenu katika kazi,

Mkuu wa Shule