Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: tunaomba sefti boksi, maboksi magumu ya kutupia sindano zilizotumika

Shikamoo daktari. Najua una majukumu mengi ila uvumilivu umetuishia.

Juzi usiku wodi ya wazazi dada wa usafi kachomwa sindano kiganjani. Alikuwa anabeba taka kama kawaida, sindano ikatokeza ubavuni mwa boksi la dripu. Ndiyo, boksi la dripu, maana sefti boksi ziliisha zamani sa hivi tunafunga makaratoni kwa plasta, yakilowa kidogo tu yanalegea. Na sindano yenyewe ilitumika kwa mgonjwa gani? Mle kuna za wodi nzima, nani atajua.

Ikabidi asubiri asubuhi aanze PEP, dawa za kuzuia maambukizi ya ukimwi, kwa sababu chumba cha dawa kinafungwa jioni na mwenye funguo anakaa mbali. Sisi wenyewe tunawafundisha watu kwamba dawa hizo zinatakiwa mapema, masaa 72 yakipita basi tena, halafu ni siku 28 za kumeza na kichefuchefu chake. Na ukimwi wala sio unaonitisha zaidi, hapo hatari ni kama watu 3 kwa 1000. Homa ya ini B kwa ambaye hajachanjwa inaweza kufika 30 kwa 100! Yeye hajachanjwa, eti chanjo ilikuwa ya watumishi na yeye ni wa mkandarasi. Kwani sindano inauliza mkataba?

Mabango tumepokea, asante, yana rangi nzuri kweli. "Usifunike sindano baada ya kutumia." Sawa daktari, sifuniki, sasa naiweka wapi? Usiku niko peke yangu, natembea na sindano wazi kutoka kitandani mpaka kwenye kona huku mama mwingine anapiga kelele mtoto anatoka.

Tunasikia bohari wanazo ila oda haijasainiwa, wengine wanasema hela imeishia kwenye mafuta ya gari, mimi sijui. Ninachokumbuka ulivyokuja ziara ulisema wiki mbili, tukapiga makofi na soda tukanywa.

Dada wa watu chanjo aanzishiwe sasa hivi, na funguo ikae kwa muuguzi wa zamu. Ila maboksi daktari, maboksi. Tusiitwe semina nyingine ya usalama kazini kabla hayajafika.