Binamu, hiyo namba yako si tasa

Binamu, habari za huko Nakuru,

Nimesoma meseji yako, ati umepata namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe) ya kutisha, 4294967297, umeigawa kwa 3, kwa 7, kwa 11, kwa 13 mpaka ukachoka na kila mara inabakisha, kwa hivyo imepita. Haijapita bana. Lakini usijali, aliyekutangulia kwa hiyo imani ni Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa, na huyo si mtu wa kuchezewa.

Yeye alichukua 2, akaipandisha kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, kila mara anaongeza 1, zikatoka 3, 5, 17, 257, 65537. Zote tasa. Mwaka 1640 akaandika kwenye barua kwamba anaamini zitaendelea hivyo hivyo. Inayofuata ni kipeo cha 32, ndiyo hiyo yako. Miaka 92 ikapita mpaka mwanahisabati mwingine, Leonhard Euler, 1732, akasema wapi, hiyo ni 641 mara 6700417. Toa kalkuleta uhakikishe, nangoja.

Sasa usidhani ilibidi ajaribu zote moja moja kama wewe. Sikiza, utamu uko hapa. Tuseme kuna namba tasa p inayoigawa hiyo yako bila kubakisha kitu. Basi 2 kipeo cha 32, ukiigawa kwa p, ni kama inabakisha -1 (imepungukiwa na moja tu itimie), kwa hivyo kipeo cha 64 kinabakisha 1, manake -1 mara -1, halafu mabaki yanaanza kujirudia upya, mzunguko wa 64 kamili, hauwezi kuwa mfupi kwa sababu katikati kwa 32 tumeona ni -1. Na kuna kanuni inasema mzunguko kama huo lazima uigawe p-1. Umeona? p lazima iwe 64 mara kitu fulani, jumlisha 1. Ni kama kumtafuta mtu Kondele ukiwa umeshaambiwa geti lake ni la bluu, hugongi kila mlango. Tasa za hivyo ni 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano imeingia!

Kinachonichekesha ni kwamba hiyo kanuni ya p-1 ni ya Fermat mwenyewe, tena ya mwaka huohuo wa 1640. Labda alikosea kugawa mahali, nani ajuaye.

Ile ya kipeo cha 64 nayo ilivunjwa na Landry 1880, mzee wa miaka 82, bila kompyuta. Mpaka leo hakuna mtu amepata tasa nyingine kwenye huo mstari baada ya 65537, na hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.

Kazi yako ya wikendi: hiyo 6700417 ni tasa ama si tasa? Kama inagawanyika, kigawo kimoja hakiwezi kuzidi kipeuo chake cha pili, ambacho ni 2588 na kitu, na kigawo chake lazima kifuate ile sheria ya 64, kwa hivyo ni namba 40 tu za kuangalia, tisa za kwanza, zilizo chini ya 641, unaruka kwa sababu hazikuigawa hata ile namba yako kubwa. Na usinitumie skrinshoti ya intaneti, nataka karatasi.