Programu ya kuchanganya majina ichunguzwe kabla ya kugawa nafasi

Mhariri,

Waombaji wakizidi vibanda vya soko, au wanachama wa chama wakitaka kujua nani atapokea kwanza, si ajabu siku hizi hapa Nairobi kura ikaachiwa kompyuta. Majina huingizwa kwenye programu, huchanganywa, kisha orodha husomwa kuanzia juu. Wengi huchukulia kwamba programu imechanganya kwa haki. Si kila programu hufanya hivyo, na kosa ni gumu kuliona kwa macho kwa kuwa orodha iliyochanganywa vibaya nayo huonekana imevurugika.

Njia sahihi ni ya zamani. Wanatakwimu Ronald Fisher na Frank Yates waliichapisha mwaka 1938 kwa wanaotumia kalamu na karatasi, na mwaka 1964 Richard Durstenfeld akaipanga upya ili ifae kompyuta. Tuseme majina ni 200. Chagua nambari moja kwa nasibu kati ya 1 na 200, kisha jina lililo hapo libadilishane nafasi na jina la 200. Nafasi ya 200 sasa imefungwa, haiguswi tena. Chagua kati ya 1 na 199, badilisha na la 199, na uendelee kushuka hivyo mpaka nafasi ya 2. Mabadilishano ni 199 tu, wala huhitaji orodha ya pili. Wanaochagua jina lolote na kurudia kila linapotokea lililokwisha kuchaguliwa hujichosha bure: kwenye majina 100,000, jina la mwisho peke yake huhitaji wastani wa majaribio 100,000.

Kosa linalofanyika sana ni kuchagua kutoka orodha nzima katika kila hatua badala ya sehemu ambayo haijafungwa. Hesabu ya majina matatu inatosha kulifichua. Hatua tatu zenye chaguo tatu kila moja huzaa njia 27, na mipangilio iwezekanayo ni 6. Hakuna namna 27 itagawanyika sawa kwa 6, kwa hiyo mipangilio mitatu hutokea mara 5 na mitatu mara 4. Programu ikianzia nafasi ya kwanza na kuishia ya tatu, aliyeandikwa wa pili hushika nafasi ya kwanza mara 10 kati ya 27, wa tatu mara 8, ilhali kila mmoja alistahili 9.

Nchini mwetu jambo hili ni zito zaidi kwa sababu orodha nyingi hupangwa kwa alfabeti. Kina Kiprono na Kipkemboi hukaa pamoja, kina Ochieng', Odhiambo na Otieno pamoja, kina Wambui na Wanjiru pamoja. Programu inayopendelea sehemu fulani ya orodha inaweza basi kupendelea jamii fulani, hata kama aliyeiandika hakukusudia.

Wengine huiambia kompyuta ipange majina kwa alfabeti, lakini kila inapolinganisha mawili ijibu kwa kubahatisha. Hilo nalo halifai. Mwaka 2010 ukurasa wa Microsoft wa kuwachagulisha watu wa Ulaya vivinjari vya intaneti ulitumia mbinu hiyo, nafasi zikapatikana si sawa, na ikabidi urekebishwe. Kumpa kila mtu nambari yake ya nasibu mara moja, kisha kupanga kwa nambari hizo, ni sawa kabisa mradi nambari zisigongane. Anayefanya hivyo kwenye Excel ahakikishe safu zote zimehama pamoja, la sivyo majina yataachana na nambari za vitambulisho.

Kisha kuna mbegu, yaani nambari ambayo programu huanzia. Ukiijua mbegu, unajua mpangilio wote. Inayotumia saa ya kompyuta kwa sekunde ina mbegu 86,400 tu kwa siku nzima, na anayeiendesha anaweza kungoja sekunde inayomfaa rafiki yake. Mbegu ya biti 32, yaani nambari inayoandikwa kwa tarakimu 32 za 0 au 1, haifikii hata mipangilio yote ya majina 13: mipangilio ni 6,227,020,800, mbegu ni 4,294,967,296.

Ninapendekeza kwa wanaogawa mali ya umma: orodha ifungwe na kubandikwa hadharani kwanza, pamoja na programu yenyewe. Halafu, mbele ya waombaji, dadu irushwe mara 50 na kila tokeo liandikwe. Tarakimu hizo 50 ndizo mbegu, na zinazidi biti 128. Programu izitumie zote, kwa mfano kupitia SHA-256, kanuni inayogeuza maandishi yoyote kuwa nambari moja ya biti 256, isizikate. Iendeshwe mara moja tu. Anayetilia shaka aweze kurudia kazi nzima nyumbani kwake na kupata orodha ile ile.

Kabla ya siku hiyo, programu ijaribiwe: ichanganye majina matatu mara 60,000, kila mara kwa mbegu mpya. Kila mpangilio kati ya ile 6 utokee karibu mara 10,000. Tofauti ya mia mbili hivi ni ya kawaida. Mitatu ikikaribia 11,100 na mitatu 8,900, kosa ni lile la kuchagua kutoka orodha nzima. Ikitokea mipangilio miwili pekee, programu inapochagua inaruka nafasi inayoshughulikiwa, hivyo hakuna jina linaloweza kubaki lilipokuwa. Zote mbili zirudishwe kwa aliyeziandika.

Mtayarishaji programu,
Nairobi