Tomaso alikuwa bado yuko nao chumbani

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu anayewataka wazazi Wakristo wawatenge watoto wao wakubwa wanaosema hawaamini tena kwamba Mungu yupo, wasile nao meza moja mpaka watubu. Mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa hapa Machame, na vijana wa kipaimara nimewafundisha miaka 11. Naomba nafasi nimjibu, maana jambo hili limeingia nyumbani kwetu.

Mtoto wa kaka yangu anaishi Dar es Salaam. Zamani aliimba sauti ya nne kwenye kwaya ya vijana. Mwaka 2021 binti yake wa miaka 3 aliugua homa ya uti wa mgongo. Baba mtu akafunga, akakesha, akamwita mtumishi mmoja aje kumwombea mtoto huku matibabu yakiendelea. Siku ya sita mtoto akafariki. Matanga hayajapoa, yule mtumishi akamwambia kwamba mtoto angepona kama baba yake asingekuwa na mashaka. Huyo ndiye kijana ambaye leo tunamwita mpagani.

Desemba iliyofuata alikuja nyumbani, kama sote huku tunavyorudi kwa Krismasi. Jioni ya mkesha tuliposimama kwa sala ya familia, yeye alibaki amekaa. Hakumkera mtu, hakusema neno. Baba yake mkubwa akafungua Zaburi ya 14, akamsomea mbele ya mkewe na wadogo zake kwamba asemaye hakuna Mungu ni mpumbavu. Mtori ukapoa mezani. Mimi nilikuwa kiti cha pili kutoka kwake, nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo. Asubuhi, kengele ya ibada ilipolia, alikuwa ameshapanda basi.

Simu zangu hakupokea. Mwezi wa nne nikafunga ndizi mshare kwenye kiroba, na maparachichi juu yake, nikamfuata. Akafungua mlango, akaitazama mikono yangu kwanza.

"Shikamoo shangazi. Umekuja na Biblia?"

"Marahaba. Ninayo mkobani, ni ya kwangu ya asubuhi. Wewe nimekuletea ndizi."

Siku mbili tulipika na kuongea habari za watu. Siku ya tatu akatoa kadi ya kliniki ya mtoto. Nukta za uzito zimetiwa kwa peni ya buluu, kila mwezi zinapanda kidogo, mpaka kilo 13 na nusu. Mbele ya hapo ni miraba mitupu. Akaweka kidole pale nukta zinapoishia, akaniuliza, "Hapa Mungu alikuwa wapi?" Mhariri, majibu ya darasani ninayo, nayajua kwa moyo. Nikamwambia sijui. Tukalia wote wawili. Usiku nikamwombea, peke yangu, kwa sauti ya chini.

Msomaji wenu ametaja Maandiko, basi na arudi Yohana 20. Tomaso aliwaambia wenzake waziwazi kwamba asipoona alama za misumari hatasadiki kamwe kuwa Yesu amefufuka. Zikapita siku nane. Tunaambiwa wanafunzi walikuwa tena ndani, na Tomaso pamoja nao. Nimeufundisha mstari huo miaka yote bila kuona kilichomo: siku nane walikaa na mtu anayekana habari kubwa kuliko zote walizokuwa nazo, na hawakumfungia mlango. Bwana alipokuja alimkuta humo. Wangemtenga, angemkuta wapi?

Najua si wote wenye jeraha. Wapo waliosoma, wakafikiri, wakafika hapo kwa utulivu kabisa, na kuwatendea kama wagonjwa ni kuwadharau. Hao tuwasikilize na kuwajibu kwa hoja, kwa upole kama Petro alivyoagiza, badala ya kukemea mapepo ambayo hayapo. Wala wasidhaniwe ni wawili watatu. Kwa wenzetu Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 755,000 waliosema hawana dini. Hapa Tanzania sensa haijauliza dini tangu mwaka 1967, kwa hiyo wa kwetu tutawajua kwa kukaa nao tu.

Kwa wazee wa kanisa wenzangu nina ombi moja. Tuache ile kauli ya "msiba wake tutaona" kwa mtu aliyeacha kuja jumuiya. Nimeisikia kwa masikio yangu, na nimewahi kuitikia kwa kichwa. Akifiwa, twende tukabebe maji na kuni kama kwa mwingine yeyote.

Kijana wetu bado haamini. Wiki iliyopita alinipigia, akasema Krismasi atakuja na mkewe, ila wakati wa sala atakaa. Nikamwambia akae, kiti changu kitakuwa kando ya chake. Nimeshazungumza na kaka. Sala ya mkesha ataiongoza yeye mwenyewe, atalitaja jina la mjukuu wake, ambalo hatujawahi kulitaja mezani tangu tumzike, halafu tutakula mtori ungali wa moto.

Mwalimu mstaafu,
Machame, Kilimanjaro